Nilifuata daraja Pujindu, nikakuta fahali wanne

Niseme mapema, usije ukanilaumu umeshakata tiketi: Pujindu, kivuko cha kale cha Mto wa Njano huko China, hakuna daraja. Hakuna ubao wala boriti, na hata mto wenyewe umehama. Waliobaki ni fahali wanne wa chuma, kila mmoja makumi ya tani, wamekaza miguu ya nyuma na kutoa macho kama wanaovutwa na kitu kizito. Kwangu mimi walitosha.

Nilikuwa Xi'an kwa masomo, nikapata siku mbili za mapumziko. Wenzangu walikwenda kuona wale askari wa udongo kwa mara ya tatu. Mimi nikapanda treni ya kasi kutoka stesheni ya Xi'an Kaskazini hadi Yongji Kaskazini, mkoa wa Shanxi, kama saa moja hivi. Tiketi unakata kwa pasipoti, na siku ya safari uwe nayo hiyo hiyo. Shida ilianzia Yongji. Nilimwonyesha dereva wa teksi jina la mahali kwa herufi za Kichina, akaitikia vizuri, kisha akanishusha kwenye mnara wa Guanque, kwa kuwa huko ndiko wageni wengi huelekea. Mnara ni mrefu na wa kupendeza, ila huu uliopo umejengwa upya, ulifunguliwa 2002. Sikuwa na haja nao siku hiyo. Basi kabla ya kushuka, hakikisha umetaja fahali wa chuma, si mnara.

Kwa nini fahali? Hapo zamani Huang He, ule Mto wa Njano, ulipita karibu na mji wa Puzhou, na njia kuu ya kuelekea mji mkuu, Chang'an, ambao ndio Xi'an ya leo, ilivukia hapo. Daraja lilikuwa la mashua zilizopangwa ubavu kwa ubavu na kufungwa pamoja. Sisi wa Mombasa hatuhitaji kuelezwa sana. Nyanya yangu alikuwa akituhadithia daraja la zamani la Nyali, lile lililoelea, lililotumika hadi daraja jipya lilipofunguliwa 1980, lilivyokuwa likipanda na kushuka na maji. Na mwanzoni mwa 2021 tukapata la kuelea la waenda kwa miguu pale Liwatoni, lililojengwa na Wachina hao hao. Lakini bahari yetu haigandi. Huang He huganda, na barafu ikianza kukatika na kuteremka na maji, kamba za mianzi zilizoshika mashua zilikuwa zinakatika nayo. Kila mwaka ni kuanza upya.

Mwaka 724, wakati wa mfalme Xuanzong wa nasaba ya Tang, wakachoka. Kamba za mianzi zikaondolewa, ikaja minyororo ya chuma, na wa kuishika minyororo wakasubiwa fahali wanane, wanne kila ukingo. Waziri mkuu wa zama hizo, Zhang Yue, aliliandikia daraja hilo utenzi wa sifa. Wanne ninaowasimulia ni wa ukingo wa mashariki. Wenzao wa ng'ambo bado wako chini ya matope.

Ukifika usikimbilie kupiga picha za pembe, zunguka nyuma. Nyuma ya kila fahali kuna mtaimbo mnene wa chuma uliolala, na huo ndio uliofungwa mnyororo. Kisha chini ya miguu yake kuna nguzo za chuma zilizozamishwa ardhini kwa mshazari, ndefu. Yaani fahali unayemwona ni kichwa tu cha nanga, nanga yenyewe iko ardhini. Mimi nilisimama hapo muda mrefu kuliko popote. Kando ya kila fahali kuna mtu wa chuma, na hakuna wawili waliofanana, si sura wala mavazi. Husemwa kwamba ni watu wa makabila mbalimbali ya dola ile. Kuna pia vilima viwili vya chuma na nguzo saba zilizopangwa kama nyota za kaskazini, ila hizo nilizipita haraka, jua lilikuwa la utosini.

Kisa kilichonipeleka huko hasa ni cha mtawa Huaibing, aliyeishi wakati wa nasaba ya Song. Mto ulifurika, daraja likakatika, fahali wakaburutwa hadi majini. Serikali ikatafuta mtu wa kuwatoa. Huaibing akaleta mashua mbili kubwa, akazijaza udongo hadi zikadidimia, akaziweka fahali akiwa katikati, akalaza gogo juu ya mashua hizo na kumfunga fahali kwenye gogo. Halafu akaamuru udongo utolewe kidogo kidogo. Mashua zikainuka, na fahali naye akainuka. Baharia yeyote wa jahazi anajua farumi, ule uzito wa kutulizia chombo, ikitolewa chombo hufanya nini. Huyu mtawa aliigeuza farumi kuwa winchi. Ndiye pia aliyelinyoosha daraja la mawe la Zhaozhou lilipoanza kuinama, na hilo bado limesimama.

Daraja la Pujindu halikubahatika hivyo. Mwanzoni mwa karne ya 13 vita vililiteketeza, kisha mto ukawa unahama na kuacha matope yake, mpaka fahali wakafunikwa kabisa. Walifukuliwa 1989.

Sasa lawama zangu. Ya kwanza, fahali hawako walikochimbuliwa. Wameinuliwa zaidi ya mita 10, wakawekwa juu ya jukwaa, kwa sababu huko chini maji yalikuwa yanawala. Naelewa, lakini ukiwa juu ya sakafu safi unasahau kina walichozikwa. Ya pili, maelezo karibu yote niliyoyaona yalikuwa kwa Kichina. Programu ya kutafsiri kwenye simu ilinisaidia nusu tu, nusu nyingine ikanichekesha. Kisome kisa cha Huaibing kabla hujaondoka nyumbani, la sivyo utaona vyuma vyenye kutu na kujiuliza umefuata nini. Ya tatu, kivuli ni haba. Chukua kofia na maji.

Watu walikuwa wachache, jambo zuri. Mzee mmoja alinipiga picha nyingi kuliko alizowapiga fahali, kisha akanionyesha kwa mikono jinsi mashua zilivyokuwa zimepangwa. Hatukuwa na lugha ya pamoja, na nilimwelewa kuliko ile programu. Nilipomuuliza mto uko wapi, alinyoosha kidole magharibi, mbali, kule fahali wanakotazama. Nilichoona ni mashamba tu.

Saa moja na nusu inatosha, mbili ukiwa mtu wa kuzunguka nyuma kama mimi. Na teksi ya kurudi usiitegemee kupita barabarani: nilisimama dakika arobaini. Mwombe dereva wa kukuleta akungoje, mpatane bei kabla hujashuka.