Fremu ya jina la Walker: useremala safi, historia nimeleta mwenyewe

Mwezi wa nane binti yangu wa pili anaolewa na kijana wa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, wa ukoo wa Walker. Wazazi wake wanakuja Nakuru kwa mara ya kwanza, nami nilitaka wakute jina lao limetundikwa sebuleni kwangu. Kuna duka la uchapaji na fremu karibu na Kenyatta Avenue linalofanya kazi hiyo: unalipa shilingi 2,800, wanaandika asili ya jina kwa herufi za mapambo na kuliwekea kioo.

Fremu yenyewe ni safi sana. Pembe zimeungana hivi kwamba ukipitisha ukucha haunasi, na karatasi ni nzito, haijapinda.

Maandishi ndiyo yaliyonihuzunisha. Yalisema akina Walker ni wasafiri waliopenda kutembea nchi za mbali. Pembeni palichorwa mtu na fimbo, na juu ngao ya simba iliyoitwa ngao ya ukoo. Nilipokataa, binti wa kaunta akaniuliza, “Lakini mzee, si Walker ni mtu wa kutembea?”

Ni mtu wa kukanyaga. Nimefanya kazi miaka 19 katika kiwanda cha mablanketi, upande wa kumalizia kitambaa, kwa hiyo jina hili nililijua kabla ya kumjua mkwe wangu. Sufu ikitoka kwenye mtambo wa kufuma bado ina mafuta, na imelegea hadi mwanga unapenya. Sharti iloweshwe na kukandamizwa mpaka nyuzi zishikane. Sisi tulikuwa na mashine. Wao, zamani hizo, walikuwa na miguu. Mtu aliingia ndani ya pipa la maji na mkojo uliochacha, kwa sababu amonia yake hukata mafuta, akakanyaga kitambaa saa nyingi. Kilitiwa pia udongo wa kunyonya mafuta, kikasuuzwa, kikawambwa kwenye fremu za mbao kikauke bila kujikunja. Kazi ngumu, yenye harufu, na bila hiyo hakuna nguo ya kuzuia baridi.

Huko kaskazini fundi huyo aliitwa walker, kutokana na neno la Kiingereza cha kale la kuviringisha na kurusha huku na huku. Maana ya kwenda kwa miguu ilikuja baadaye. Kusini mashariki aliitwa fuller, kusini magharibi tucker. Koo tatu leo, kazi ileile. Tangu karne ya 12 vinu vya maji vilianza kuchukua nafasi ya miguu, lakini jina halikuondoka, kwani kufikia mwaka 1400 hivi familia nyingi za Uingereza zilikuwa zikirithishana majina, hata mtoto asipofuata kazi ya baba. Sisi Wakikuyu tuna Muturi, yaani mhunzi, kama wao walivyo na Smith. Muturi jirani yangu anauza mbegu.

Kuhusu ngao: kwa Waingereza ngao hupewa mtu mmoja, ikarithiwa na wazao wake. Ofisi inayoshughulikia hayo, College of Arms ya London, ipo tangu 1484. Hakuna ngao ya kila aitwaye Walker, na sikutaka kuwapa wageni wangu kitu kisicho chao.

Duka lilikubali kuchapa upya kwa maneno yangu, ila likanitoza shilingi 500 zaidi za karatasi. Hilo sikulipenda, kosa halikuwa langu. Ukienda, omba usome maandishi kabla hawajachapa.

Mchoraji wao lakini ni kijana msikivu. Nilimweleza kazi ile mara moja tu. Mahali pa simba akachora miguu miwili ndani ya pipa, suruali imekunjwa hadi magotini. Nimeitundika mkabala na kiti cha wageni, juu ya blanketi la mwisho nililotoka nalo kiwandani.