Blues from the Gutter: piano ya mtu asiye na piano yake

Mpiga gitaa husafiri na gitaa lake. Mpiga piano hufika mikono mitupu, na kinanda anachokikuta ukumbini ndicho chake usiku huo, hata kama vitufe viwili vimekufa na cha tatu kinalia sauti isiyo yake. Hayo ndiyo yalikuwa maisha ya wapiga piano wa blues, muziki wa Wamarekani Weusi, kusini mwa Marekani miaka ya 1920 na 1930. Walizunguka kambi za wakata mbao za Louisiana na Mississippi na vilabu vya pombe vya kando ya reli, wakilipwa chakula, kinywaji na sarafu za walevi. Kipaza sauti hakikuwepo. Ulitaka kusikika juu ya makelele ya watu wanaocheza? Mkono wa kushoto, ule wa noti nzito za chini, uponde.

Mkono huo ndio unaonirudisha kila mara kwenye Blues from the Gutter, albamu ya Champion Jack Dupree iliyorekodiwa New York mwaka 1958 kwa kampuni ya Atlantic. Ina nyimbo kumi, na wanamuziki wanne wanamsindikiza: gitaa, saksafoni, besi na dramu.

Dupree alizaliwa New Orleans. Mwaka gani? Wengine wanasema 1909, wengine 1910. Habari za mtu huyu hazitulii sehemu moja, na mwenyewe hakuwa mchoyo wa chumvi akisimulia. Alibaki yatima akiwa mdogo, akalelewa katika kituo kilekile cha watoto ambako mpiga tarumbeta Louis Armstrong aliwahi kupitia. Piano alifundishwa na mpigaji wa vilabuni aliyeitwa Willie Hall, maarufu kwa jina la Drive 'Em Down. Kisha akashika njia. Alipigana ndondi, na jina la Champion, yaani bingwa, linatoka ulingoni, si studioni. Alikuwa mpishi katika jeshi la majini wakati wa Vita Kuu ya Pili, akatekwa na Wajapani. Unapomsikia akiimba maovu ya dunia huku sauti ikicheka, kumbuka hayo.

Wimbo wa kwanza, Strollin', haimbi kabisa. Anaongea. Besi inatembea polepole, naye anapiga soga juu yake kama mtu anayejua hakuna wa kumfukuza. Binafsi ningeridhika albamu nzima iende hivyo.

Baada ya hapo mambo yanakuwa mazito. T.B. Blues ni kifua kikuu. Can't Kick the Habit ni dawa za kulevya. Bad Blood, "damu mbaya", ndivyo watu wa kusini walivyokuwa wakiita kaswende. Goin' Down Slow, utungo wa St. Louis Jimmy Oden wa mwaka 1941, ni wa mgonjwa anayeomba mama yake aandikiwe barua. Karibu nusu ya albamu ni kitanda cha mgonjwa! Lakini Dupree halii. Anataja ugonjwa kama anavyotaja jirani msumbufu, na piano yake haipunguzi mwendo kwa kumhurumia mtu. Kwa masikio yangu, Goin' Down Slow ndiyo kilele. Gitaa la Larry Dale linajibu kila mstari kwa noti chache kali, na hakuna anayemkatiza mwenzake.

Junker's Blues usiuruke, hata kama unaudhiwa na wimbo wa mateja. Dupree aliupata kwa mwalimu wake Drive 'Em Down, na akaurekodi kwa mara ya kwanza mapema miaka ya 1940 kwa kampuni ya Okeh. Mwaka 1949 Fats Domino, mwimbaji na mpiga piano wa New Orleans, alichukua muziki wa wimbo huo, akabadilisha maneno, akatoa The Fat Man, wimbo uliomfanya ajulikane. Sikiliza mmoja kisha mwingine utashtuka: piano ya kambini imevaa suti tu.

Sasa lawama. Evil Woman ni wa kawaida mno. Ukiisha hukumbuki kitu. Nasty Boogie ni bugi, yaani blues ya kasi ya kuchezea, yenye kuchangamsha, lakini saksafoni ya Pete Brown inajaa kila nafasi, nami nataka kusikia vidole vya mwenye albamu. Frankie and Johnny ni kisa ambacho kila mwimbaji wa Marekani ameshakiimba, na Dupree haongezi jipya. Stack-O-Lee, unaofunga albamu, nao ni kisa cha zamani, ila huo anausimulia kwa furaha ya mwongo hodari, kwa hiyo namsamehe.

Jambo moja linanigawa moyo. Akiwa peke yake, Dupree huongeza au kupunguza mapigo apendavyo, kama mtu aliyezoea kutomngoja mwenzake. Hapa dramu na besi zinamweka kwenye mstari. Kwa anayeanza kusikiliza blues ni nafuu kubwa. Kwa mimi kuna utundu uliopotea.

Muda mfupi baada ya albamu hii alihamia Ulaya, akaishi Uswisi, Denmark, Halifax huko Uingereza, na mwisho Hannover, Ujerumani. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Dupree alirudi New Orleans mwaka 1990 kwa tamasha, akarekodi huko Back Home in New Orleans, kisha akaondoka tena. Alifia Hannover Januari 1992. Albamu hiyo ya uzeeni ni nzuri, sauti imekwaruza vizuri zaidi, lakini mkono wa kushoto umechoka. Inunue ya pili.

Hii ya 1958 naipa nyota nne kati ya tano. Isikilize kwenye spika zenye besi ya kutosha, maana kwenye spika ya simu mkono wa kushoto unapotea wote, na utabaki unajiuliza nilikuwa nasifia nini.