Warsha ya Kuandika Sera ya Lishe Pamoja na Majirani: Tathmini ya Mshiriki

Niliingia katika warsha hii ya kikanda nikiwa na rasimu nene ya sera ya chakula na lishe ya nchi yetu, iliyojaa maneno matamu, na baada ya wiki mbili nikatoka na rasimu nyembamba ambayo ninaweza kuitetea mbele ya ofisa yeyote wa hazina. Kwa hilo peke yake ninaipa huduma hii alama za juu, ingawa ina dosari moja kubwa.

Utaratibu wake ni kwamba kila nchi humkabidhi jirani rasimu yake, naye huisoma kwa kalamu nyekundu. Sisi tulikuwa tumeandika kwamba serikali "itaimarisha lishe ya wananchi wote". Wenzetu waliipigia mstari sentensi hiyo na kuandika pembeni: nani, lini, kwa fedha za kifungu gani? Tulinuna kidogo, kisha tukaanza upya kutoka kwenye malengo sita yaliyopitishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mwaka 2012, likiwemo la kupunguza kwa asilimia 40 idadi ya watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa ifikapo 2025. Lengo la namna hiyo lina kipimo, na wizara inaweza kubanwa nalo.

Siku ya madini joto (iodini) ndiyo iliyonifaa kuliko zote. Nchi moja ikilazimisha chumvi iongezwe madini joto na jirani yake asilazimishe, chumvi isiyo nayo hupenya kwenye masoko ya mpakani, na sheria ya yule wa kwanza hubaki kwenye makaratasi. Tuliketi na wakaguzi wa pande mbili, tukatandaza viwango vyao mezani, na mabishano yakaisha pale tulipogundua kwamba mmoja alikuwa akipima chumvi kiwandani na mwenzake akiipima dukani, ilhali madini joto hupungua njiani kwa sababu ya unyevu, joto na muda wa kukaa ghalani.

Wawezeshaji wanaijua kazi yao, ila mhadhara kuhusu mikutano ya kimataifa ya lishe iliyofanyika Roma, wa 1992 na wa 2014, ulirefushwa mno. Mfano wa nchi za Nordiki za kaskazini mwa Ulaya, ambazo zimekuwa zikitoa mapendekezo ya pamoja ya lishe tangu 1980, ulipewa dakika chache tu, na huo ndio tulioutaka: nchi hizo huchambua ushahidi wa kisayansi kwa pamoja, kisha kila moja hujiandikia mwongozo wake.

Sasa dosari yenyewe. Waandaaji waliwaalika watu wa afya na kilimo pekee, bila biashara, forodha wala hazina, hivyo makubaliano yetu kuhusu chumvi hayakupata mtu mwenye mamlaka ya kuyatia saini. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa matangazo ya maziwa mbadala ya watoto wachanga yanayorushwa kutoka upande wa pili wa mpaka: kanuni za kimataifa za kuyadhibiti zipo tangu 1981, lakini mdhibiti wa utangazaji hakuwamo ukumbini.

Tumeshaomba nafasi ya awamu ijayo, na barua ya kwanza ya kuomba mshiriki tumempelekea mkuu wa idara ya bajeti.