Aanze na hadithi au aanze na picha?

Warsha za watoto za utunzi na uchoraji huendeshwa kwa njia mbili: mtoto aandike kisha achore, au achore kwanza, maneno yafuate.

Kuanza na maandishi humfaa mtoto wa miaka 10 na kuendelea, ambaye mkono wake umeshazoea kalamu. Hadithi hupata mwanzo na mwisho mapema. Ila picha mara nyingi hurudia tu kilichokwisha kusemwa: sentensi inasema paka amelala, na picha ni paka amelala.

Mimi napenda zaidi kuanza na picha, hasa kwa wa miaka 6 hadi 9. Mpe karatasi moja, ikunjeni mara tatu, mkaikate mkato mmoja katikati. Tayari ana kijitabu cha kurasa 8. Akichora mlango ulio wazi na kiatu kimoja kizingitini, muulize, "Cha pili kiko wapi?" Hapo hadithi inamtoka yenyewe, nawe unaandika vilevile anavyosema, bila kumsahihisha. Tahajia ina siku yake. Tatizo ni muda: saa moja haitoshi, tenga angalau mbili.