Bedsita Section 58 ama kushea bedrum tatu Naka? Nimekaa zote mbili

Juzi dem mmoja tunafanya kazi naye aliniuliza akae pekee yake ama atafute marumeti, na vile nimekaa zote mbili hapa Nakuru wacha niandike, mwenye anatafuta keja asome.

Ya kwanza ilikuwa Naka, bedrum tatu kila moja na bafu yake, elfu 21, tulikuwa wasichana watatu kwa hivyo kila mtu elfu saba. Nyumba yenyewe sina neno baya. Sitingi rumu kubwa, balkoni unaanika nguo za wiki nzima, keyateka anashika simu hata saa nne usiku. Na jioni zilikuwa tamu, mmoja anakaranga sukuma mwingine anasonga ugali, stori mpaka usingizi utushike.

Kilichotushinda ni stima. Mita ilikuwa moja na kila bafu iko na instanti shawa, na mnajua baridi ya huku Julai, nani ataoga maji baridi? Ile shawa ikiwaka dakika kumi inakula karibu uniti moja, sasa hesabu watu watatu, wengine asubuhi na jioni, bado friji, bado pasi. Na kitu sikuwa najua, ukitumia chini ya uniti 30 kwa mwezi bei ya kila uniti iko chini, ukipita inapanda, ukipita 100 inapanda tena. Yaani mkiwa wengi kwa mita moja mnanunua stima kwa bei ya juu kuliko mwenye anakaa pekee yake. Mimi wikendi zote nilikuwa ushago na bado nachanga sawa na mwenye anaoga nusu saa, nikiongea naonekana mchoyo. Ilifika mahali tokeni zinaisha usiku kila mtu anajifanya amelala, na hawa ni watu nawapenda sana.

Halafu agrimenti ilikuwa kwa jina langu pekee. Mmoja akapata kazi Eldoret akahama tarehe 3, landilodi akanitafuta mimi, na hakukosea. Nililipa fungu lake miezi miwili. Iliniuma.

Sasa niko bedsita Section 58, 7,500. Ndio, tofauti ya kodi ni mia tano tu! Msidhani kushea lazima iwe rahisi, piga hesabu ya mahali uko. Naoga dakika nne, tokeni za mia tano zinanisukuma karibu mwezi, nikifunga mlango hakuna mtu namdai wala ananidai. Ubaya uko pia: nikikaanga omena hadi blanketi inanuka, kamba ya kuanika tunapigania ploti nzima, na vile maji ya boho, yaani kisima cha kuchimbwa, huku yako na floridi nyingi ile inaharibu rangi ya meno, ya kunywa nanunua mtungi wa lita 20 naupandisha ghorofa ya tatu mwenyewe.

Naka naipa 3 kwa 5, bedsita 4.

Yule alibaki Naka alipata wengine wawili, saa hii majina yote matatu yako kwa agrimenti na landilodi amekubali waweke sabmita, mita ndogo ya kupima stima ya kila mtu, kila chumba. Hawajakosana hata siku moja. Jumapili naenda kukula huko, na nabeba nguo zangu nianike kwa balkoni.