Sony RX100 III kwenye matamasha: kamera inayopita getini

"Lenzi yake inatoka?"

Mlinzi aliuliza hivyo huku ameishika kwa vidole viwili kama yai. Nikamwambia haitoki. Akaigeuza, akaipapasa ubavuni akitafuta kitufe cha kufungulia lenzi, asikione, akanirudishia. "Haya, pita. Ila flashi usiwashe." Mazungumzo hayo nimeyarudia kwenye mageti mengi mpaka nimeyakariri, na ndiyo sababu kubwa iliyonifanya ninunue Sony RX100 III iliyokwisha tumika, badala ya kamera kubwa mpya.

Kabla yake nilikuwa na kamera ya lenzi za kubadilisha. Siku moja nikaenda nayo ukumbini. Tiketi ilisema kamera za kitaalamu haziruhusiwi, nami si mtaalamu, basi nikajua maneno hayo hayanihusu. Kumbe getini hawaulizi kazi yako. Wanaangalia lenzi: ikitoka, umeshakuwa mtaalamu hata kama huwa unapiga picha za paka. Nikapangishwa foleni ya kuhifadhi mizigo, nikapewa kikadi cha namba, na wimbo wa kwanza nikausikia nikiwa bado koridoni, nikiona taa zinacheza kwenye upenyo wa mlango. Tangu hapo masharti nayasoma mapema, ya ukumbi na ya msanii pia, maana ukumbi unaweza kuruhusu na msanii akakataa. Msanii akikataa, hakuna cha kubishana.

Sasa kamera yenyewe. Ilitoka 2014, ina gramu 290 pamoja na betri na kadi, na inakaa kwenye mfuko wa koti bila kuuvuta chini. Ukiiona utadhani ni ya kupigia picha za sikukuu nyumbani. Ndani ina sensa (kipande kinachopokea mwanga) ya milimita 13.2 kwa 8.8, na lenzi inayofunguka f/1.8 kwenye upande mpana, f/2.8 ukiivuta mpaka mwisho; namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi linapitisha mwanga mwingi. Kwa sisi tunaopiga gizani, hiyo f/2.8 ndiyo mali. Mdogo wake wa 2018, RX100 VI, anavuta mpaka milimita 200 (namba ikiwa kubwa, cha mbali kinasogea karibu zaidi), na humtamani kila ninapokosa nafasi ya mbele. Lakini akivuta hivyo anabana hadi f/4.5, na mwanga unaoingia unakuwa chini ya nusu ya ninaoupata mimi. Yangu inaishia 70. Ukikaa safu za nyuma, 70 haikusaidii: utapata jukwaa zuri lenye mwimbaji wa ukubwa wa punje ya mchele. Mimi hufika mapema nikasimama karibu. Asiyeweza kusimama kwa saa tatu atafute yenye mvuto mrefu.

Mipangilio yangu haibadiliki sana. Shata, yaani muda wa kupokea mwanga, 1/250 ya sekunde kwa wanaorukaruka, 1/125 kwa anayeimba ameshikilia kipaza sauti. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, naanzia 1600, napanda 3200 taa zikififia. Kipimo cha mwanga nakiweka kwenye nukta moja, nailenga usoni. Ukiiachia kamera ipime fremu nzima, inaona weusi wote ule wa nyuma, inadhani kuna giza, na uso wa mwimbaji unatoka mweupe kama karatasi. Taa za LED za bluu tupu au nyekundu tupu ni adui mwingine, maana sura yote inageuka doa la rangi lisilo na pua wala macho. Hapo nangoja taa nyeupe, ambayo mara nyingi humfuata mpiga gitaa akipewa nafasi yake, au nazigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe baadaye. Piga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, utanishukuru.

Kabla ya kutoka nyumbani nazima vitu viwili: milio yote, na ile taa ndogo ya kusaidia kufokasi. Flashi haitoki kabisa. Achilia mbali kwamba imekatazwa, haifiki jukwaani. Kinachomulikwa ni visogo vya walio mbele yako.

Ninachokipenda kuliko vyote ni kitundu cha kuchungulia. Kimejificha kwenye kona ya juu. Unasukuma kidude cha ubavuni, kinafyatuka, kisha unakivuta nyuma kidogo kwa ncha ya kidole. Jicho likishakaa pale, skrini ya nyuma inazimika, na aliye nyuma yangu hapati mwanga machoni. Niliwahi kuutazama wimbo mzima kupitia simu ya mtu aliyenyoosha mikono mbele yangu, na picha yenyewe ilikuwa inatetemeka.

Wasanii nao wana njia zao. Mwimbaji wa Uingereza Kate Bush alipopanda jukwaani Hammersmith, London, mwaka 2014, aliwaomba mashabiki waje bila kupiga picha wala kurekodi. Wengine hutumia vifuko vya Yondr: simu unabaki nayo mwenyewe, ila imefungiwa mpaka ufike sehemu ya kuifungulia. Utaratibu ninaoupenda ni wa bendi ya roki ya King Crimson: kamera zilikaa mifukoni onyesho zima, hadi mpiga besi wao, Tony Levin, alipoinua ya kwake mwishoni kuwapiga picha watazamaji. Hapo ndipo na watazamaji walipiga.

Penye marufuku ya namna hiyo, kamera hii ibaki nyumbani, hata iwe ndogo vipi. Usijaribu ule ujanja wa "mlisema simu tu". Nilijaribu mara moja. Mlinzi hakunijibu, alininyooshea tu kidole kuelekea foleni ya mizigo, nami nikaenda kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni.

Betri ni ndogo, kwa hiyo nabeba mbili. Video siigusi, kwa sababu kumbi nyingi zinazoruhusu picha zinakataa kurekodi, na mlinzi akiona umeishikilia kamera dakika nzima bila kuishusha anajua unafanya nini.

Nimeazima pia sharti la wapiga picha wa magazeti wanaosimama chini ya jukwaa: nyimbo tatu za kwanza, bila flashi, kisha wanatolewa. Mimi hakuna anayenitoa, ila baada ya wimbo wa tatu naiweka mfukoni nicheze kama wenzangu. Picha pekee niliyoitundika ukutani ni ya mpiga ngoma anajifuta uso kwa taulo, taa nyeupe imemwangukia begani, jasho linaonekana tone kwa tone. ISO 1600, 1/250. Ulikuwa umeisha wimbo wa saba.