Mashine ya umeme ya kusugulia visigino: inachokiweza, isichokiweza na namna ya kuitumia

Mashine hii ya kushika mkononi, yenye rola ya msasa inayozungushwa na mota ndogo, ina kazi moja tu: kupunguza ngozi ngumu ya kisigino, ya chini ya kidole gumba cha mguu na ya pembeni mwa unyayo. Kazi hiyo inaifanya vizuri, na kwa kasi ambayo jiwe la kusugulia miguu haliifikii. Wanaolalamika kwamba imewachubua, au kwamba inanguruma tu bila kuondoa kitu, karibu wote wameangukia moja kati ya mambo matatu: miguu ilikuwa imelowa, mkono ulikandamiza, au rola ilikwisha zamani.

Tuanze na maji, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapokosea. Jiwe linataka mguu uliolowekwa, na mazoea hayo watu huyahamishia kwenye mashine. Rola inataka ngozi kavu kabisa. Ngozi ngumu iliyolowa huvimba na kuwa nyeupe, ikaonekana nene kuliko ilivyo. Rola ikiigusa haitoi unga, inatoa uji unaojaa katikati ya chembe za msasa mpaka uso wa rola unakuwa laini. Tena ngozi hai ikiwa imelainika kwa maji hutoka kwa urahisi sana, na hutaona mpaka ulipo. Utaratibu unaofaa ni kusugua kabla ya kuoga: futa miguu kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kausha hadi katikati ya vidole, sugua, kisha uoge uondoe unga na upake mafuta. Ukishaoga tayari, subiri hadi weupe wa maji uishe na kisigino kikauke chenyewe.

Tandika gazeti au taulo kuukuu chini, zima feni, funga nywele ndefu na kunja pindo la nguo. Hilo la nywele na nguo si la kupuuza, maana rola inazunguka kwa kasi (nyingi huandikiwa mizunguko 2,000 hivi kwa dakika) na uzi mmoja ukinaswa hujiviringisha kwenye ekseli papo hapo.

Washa mashine ikiwa bado hewani, iache ishike kasi, halafu ndiyo uiteremshe kwenye ngozi. Mkono mwingine uvute ngozi ya kisigino ikaze, kwa sababu ngozi iliyolegea hukunjamana mbele ya rola na kukatika. Upana wote wa rola ulale bapa juu ya ngozi. Ukiinamisha mashine, ukingo mmoja ndio unaofanya kazi na huchimba mfereji. Usiongeze nguvu. Uzito wa mashine yenyewe pamoja na mguso mwepesi unatosha. Peleka mbele na nyuma taratibu, usikae sehemu moja zaidi ya sekunde 3 au 4, kisha sogea. Ukihisi joto, umeshachelewa kusogea.

Baada ya kupita mara mbili tatu, simama, futa unga na upapase kwa kidole. Macho peke yake hayatoshi, kwa kuwa unga mweupe hufunika kila kitu na kukufanya udhani bado kuna kazi kubwa. Dalili za kuacha ni hizi: rangi imeanza kuwa ya uhai, ngozi inabonyea ukiikandamiza kwa kidole, au umeanza kuhisi mguso wa rola kwa ukali kuliko mwanzo. Bakiza tabaka jembamba la ngozi ngumu. Hapa ndipo watu wenye bidii hujiumiza. Ngozi ngumu ni kinga ambayo mwili umeijenga dhidi ya kubanwa na kusuguliwa, na ukiimaliza yote, kesho yake kisigino kinawaka ukitembea na mwili unaharakisha kuijenga upya. Dakika 2 hadi 3 kwa kila kisigino zinatosha. Kama ni kinene sana, gawa kazi kwa siku kadhaa, ukipumzisha ngozi siku 2 au 3 katikati. Kikishalainika, mara moja kwa wiki au kila wiki mbili inatosha kukitunza.

Magaga yanahitaji mkono wa aina yake. Nyayo hazina tezi za mafuta, kwa hiyo hukauka upesi kuliko ngozi nyingine, na ukisimama, nyama laini ya kisigino hutanuka pembeni kwa uzito wa mwili. Ngozi iliyokauka na kuwa nene haivutiki, inapasuka. Kinachoufanya ufa usizibe ni zile kingo zake mbili ngumu zinazosimama kama kuta. Kila hatua inazitenganisha. Kwa hiyo lengo ni kuzishusha kingo hizo zilingane na ngozi ya jirani. Pitisha rola kwa urefu wa ufa, kamwe usiukate kwa kukingama, na usiingize ukingo wa rola ndani yake. Ufa unaotoa damu, unaouma hata bila kuguswa au wenye usaha hausuguliwi. Uache upone kwanza.

Mashine ikisimama katikati ya kazi, chunguza kabla ya kuilaumu. Nyingi zimeundwa zisimame zenyewe ukikandamiza mno, na huo ni ulinzi. Iinue na uiwashe hewani: ikizunguka kwa kasi yake ya kawaida, tatizo ni mkono, ikizunguka kivivu, tatizo ni chaji au betri. Kwa zile za betri 4 za AA kuna jambo ambalo maelezo ya boksi mara nyingi hayalisemi: betri za kawaida zina volti 1.5 kila moja, jumla 6, lakini za kuchaji zina volti 1.2, jumla 4.8. Ukitumia za kuchaji, mashine inaweza kuwa dhaifu kidogo tangu siku ya kwanza. Ikigongagonga au kutetemeka, rola haijakaa sawa. Itoe na uirudishe mpaka usikie mlio wa kujifunga. Ikikwaruza kwa sauti nzito, toa rola utazame ekseli, utakuta nyuzi au unga ulioshikamana.

Rola huisha kimyakimya. Watengenezaji wengi hushauri kubadilisha kila baada ya miezi 3 hivi, lakini kipimo cha kweli ni kidole: zima mashine, pitisha kidole juu ya rola, na ukikuta katikati pamekuwa kipara huku pembeni pakiwa bado pakali, itupe. Rola iliyoisha ina hatari kuliko mpya. Inatoa joto badala ya unga, na mtu hukandamiza zaidi akidhani ngozi ndiyo ngumu. Kuhusu ukali, kwa kawaida kuna laini, ya kawaida na kali. Usitegemee rangi kuzitambua, kila kampuni ina mpango wake, soma maandishi. Kali ni ya visigino vinene peke yake, kwa mara za mwanzo, kisha shuka kwenye ya kawaida.

Usafi hauchukui muda. Toa rola, ipige burashi, ioshe kwa maji na sabuni, ifute kwa spiriti ya asilimia 70 na uiache ikauke kabisa kabla ya kuirudisha. Mwili wa mashine ufute tu kwa kitambaa. Alama ya IPX7 maana yake unastahimili kuzama maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Pasipo alama yoyote, usiupeleke bombani. Mashine inaweza kutumiwa na nyumba nzima, lakini kila mtu awe na rola yake. Fangasi na chunjua zinaweza kuhama kwa njia hiyo.

Baada ya kuoga, paka ndani ya dakika chache, ngozi ikiwa bado na unyevu kidogo. Krimu yenye urea (kiambato kinacholainisha ngozi ngumu) ya asilimia 10 inafaa kwa kila siku, na ya asilimia 20 hadi 25 kwa kisigino kigumu zaidi; itawasha kidogo penye ufa. Mafuta ya mgando hayalainishi ngozi ngumu yenyewe, ila yanazuia maji yasitoke, kwa hiyo yapake juu ya krimu, vaa soksi za pamba, ulale. Mashine bila hatua hii ni kazi bure: ngozi iliyopunguzwa na kuachwa kavu inarudi ngumu mapema sana, na lawama inaiangukia mashine.

Kuna watu ambao hatuwashauri kabisa waitumie wenyewe: mwenye kisukari, mwenye ganzi miguuni, mwenye tatizo la damu kutofika vizuri miguuni, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, hadi azungumze na daktari. Mguu usiohisi hauwezi kukwambia uache, na kidonda kidogo kinaweza kuwa kikubwa. Chunguza pia kama unachotaka kukisugua ni sugu kweli. Chunjua ya unyayoni mara nyingi ina vidoa vyeusi na huuma ukiibana kutoka pembeni, ukiisugua unaieneza. Nyayo zinazopukutika unga na kuwasha, hasa pamoja na katikati ya vidole, zina dalili za fangasi, nazo zinataka dawa.

Ikilinganishwa na wembe au kikwaruzo cha chuma, mashine ni salama zaidi kwa mbali, kwa kuwa inaondoa kidogokidogo na makosa yake yanaonekana mapema. Kwa mwenye ngozi ngumu kidogo tu, jiwe linatosha, asijisumbue. Kwa mwenye visigino vinene au vinavyopasuka kila mara, inastahili fedha yake, na tungechagua ya kuchaji kuliko ya betri: nguvu haishuki upesi chini ya mzigo. Wingi wa taa na vichwa vya ziada usikushawishi. Muulize muuzaji jambo moja kabla ya kulipa: je, rola za akiba za muundo huo huo zinauzwa peke yake? Kama hazipatikani, utakuwa umenunua mashine ya miezi mitatu.